Kelele za Dunguni

Mume wangu tulimzika Jumamosi, na kabla kaburi halijafunikwa walikuwa wameshaanza kumsingizia wema. Msemaji alikuwa binamu yake, mwalimu mstaafu mwenye sauti nzuri na koti lililopigwa pasi. Alishika kipaza sauti, akakohoa kidogo, akasema marehemu Jillo alikuwa na huruma kupita kiasi, na ushahidi wa huruma hiyo ni kwamba alimwoa dada yetu Hagodana wakati ambapo hakuna mwanamume mwingine angethubutu, maana kila mtu aliijua hali yake. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Kweli kabisa, Mungu amlipe." Hagodana ni mimi. Nilikuwa nimekaa mbele pale kwenye kiti cha plastiki, na kwetu mjane hasemi makaburini, husemewa. Nilisimama hata hivyo, nikasema bila kipaza sauti kwamba Jillo hakunioa kwa huruma, na kwamba wasimzike na uongo. Wifi yangu akanivuta leso nikae, mchungaji akaanzisha wimbo haraka haraka. Jioni nikawasikia wanawake wakinong'ona jikoni, "Mmeona, ile hali yake imerudi," nikacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Basi nitasema hapa, ambapo hakuna wa kunivuta leso. Sitaanza na babu zangu wala na siku niliyozaliwa. Nitaanza na maji, kwa sababu kilichonifanya niwe nilivyo ni mwaka mmoja tu, kuanzia mafuriko ya mwisho wa tisini na saba hadi mavuno ya mpunga yaliyofuata. Redioni waliyaita ya El Nino. Sisi watu wa mtoni hatuogopi mafuriko hivi hivi. Mto ukifurika tunashukuru, maana maji yakishuka yanatuachia udongo mweusi wa kulimia, na mtoto wa Kipokomo hujua kuogelea kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Lakini maji yale hayakuwa ya kawaida yetu. Yalikuja mchana kweupe, yakapita mashamba, yakaingia kijijini kwetu upande wa Golbanti, yakapanda ukutani mpaka kwenye dirisha. Nilikuwa nimemshika mkono mdogo wangu Neema, aliyekuwa darasa la tatu, tukielekea kwenye mtumbwi uliokuwa ukiwapeleka watu Minjila, kwenye ardhi iliyoinuka. Gogo zima la mti likaja na mkondo, likatupiga. Nilipoinuka mkono wangu ulikuwa mtupu. Watu wengi wameniuliza tangu siku ile, wengine kwa upole sana, kama labda nilimwachia. Sikumwachia. Alichukuliwa na maji, na mimi nilikuwa nimeshika.

Minjila tulikaa miezi, katika mahema ya turubai la buluu. Jua likiwaka, kila aliyekuwa ndani aligeuka buluu, hata meno. Nilikuwa na Shangazi Marita, ambaye ndiye aliyenilea na ambaye hakukubali hema liitwe hema. Alisema "nyumba", akafagia sakafu ya vumbi asubuhi na jioni, akatupangia mahali pa kulia na mahali pa kulala kama vile kuna ukuta. Tulikula unga wa njano wa msaada na maharagwe ambayo hayakuiva hata ukiyachemsha kutwa. Shangazi aliyaongezea mchicha aliouchuma kando ya barabara, akasema ili tumbo lisisahau mboga. Hema la pili alikuwamo mama mmoja wa Kiorma, Mama Halima, ambaye ng'ombe wake walikuwa wamekufa, wengine kwa maji na wengine kwa homa iliyofuata maji. Alikuwa akikaa mlangoni kutwa na kibuyu cha maziwa kitupu mapajani. Siku moja nilimsikia akimwambia shangazi kwa Kiswahili chake, "Wewe naambia mimi nyamaza, mimi nanyamaza. Lakini hii kunyamaza iko kubwa ndani, haitoshi." Shangazi akampa maharagwe.

Sasa Jillo. Jillo alikuwa rafiki yangu tangu tulipokalia dawati moja shule ya msingi. Alikuwa akinakili Hisabati yangu mchana na kunicheka jioni, eti natembea kama askari wa kata. Aliniita Afande. Tulipomaliza shule, yeye akaenda mtoni kuvusha watu na mizigo, mimi nikabaki na shangazi shambani, lakini Afande lilibaki jina langu, na hakuna aliyedhani kuna jambo kati yetu, hata sisi wenyewe. Alinieleza habari za wasichana aliowataka nami nikamweleza kwa nini hawatamkubali. Mafuriko yalipotulia kidogo, wazee waliwachagua vijana wanaoujua mtumbwi wakawatafute watu waliopotea, kwenye matawi ya miti na kwenye vichaka vilivyokuwa vimezama. Jillo alikuwa wa kwanza kuitwa, kwa sababu hakuna aliyeujua mto kama yeye. Walimpa mablanketi ya kijivu ya msaada ya kuwafunikia atakaowapata.

Nilikuwa nasugua sufuria ukingoni mwa maji, chini ya kambi, niliposikia upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Unachomwa majini, unasukumwa, unang'olewa kwenye tope kwa mlio mzito kama wa mtu anayemeza mate. Nikainua macho. Jillo amesimama nyuma ya mtumbwi, na mbele yake kuna blanketi la kijivu, na kilicho ndani ya blanketi ni kifupi. Alinitazama tu, nikajua. Tulimzika Neema Minjila, kwenye ardhi kavu, mbali na watu wake, na baada ya hapo mimi na Jillo hatukuweza kutazamana.

Kilichonipata baada ya hapo nitakieleza kama kilivyokuwa, bila kukipamba. Maji yakimiminwa kwenye beseni, nilikuwa nasikia upondo. Nilioga kwa kitambaa kilicholowekwa na mtu mwingine. Nikilala nilipiga kelele, si kilio, kelele za kutoka tumboni, mpaka kambi nzima ikaamka, na nilipoamka mkono wangu wa kulia ulikuwa umekunjwa ngumi ukauma hadi begani. Mchana nilikuwa mzima tu. Nilipika, nilisuka nywele za watoto, nilijibu salamu. Hilo ndilo lililowatatiza watu: mwendawazimu wanayemjua anaokota makaratasi, na mimi nilikuwa nakuna nazi. Wakasema basi ni pepo wa mtoni. Miaka mingi baadaye, daktari mmoja mwanamke Malindi alinieleza kwamba jambo hili lina jina, kwamba linawapata hata wanajeshi, akanipa vidonge na muda wa kuongea, na vyote viwili vilinisaidia. Lakini mwaka ule hakukuwa na jina. Kulikuwa na kelele zangu tu na subira ya majirani iliyokuwa ikipungua.

Jillo alianza kuja tena baada ya mwezi wa pili. Wote waliofika kambini kutoka upande wa mto walikuja kwa mtumbwi, maana barabara ilikuwa imekatika. Yeye alikuja kwa miguu. Alizunguka mbali, kupitia malisho yaliyokuwa bado tope, akafika amechafuka hadi mapajani, akakaa nje ya hema letu akijikwangua matope kwa kijiti. Shangazi alimwuliza kama mtumbwi wake umetoboka. Akasema hapana, anapenda kutembea. Mimi nilielewa siku ile ile. Hakutaka nisikie upondo. Nilitoka nikamtilia uji kwenye kikombe, akaupokea, akasema, "Asante, Afande," na huo ukawa mwanzo wa kutazamana tena.

Maji yaliposhuka tulirudi kijijini. Nyumba ya shangazi ilikuwa imebaki fito na mstari wa tope ukutani uliopita kichwa changu. Tukaikandika upya, vyumba viwili, pazia la leso katikati. Watu wakapanda mpunga kwenye udongo ule mpya, na mpunga ukatoka kama umeitwa. Nami niliendelea kupiga kelele. Sasa nyumba zilikuwa karibu karibu na hakukuwa na pa kukimbilia. Asubuhi moja, nikiwa nyuma ya pazia, nilimsikia jirani yetu akimwambia shangazi kwamba kuna mganga njia ya Kipini ambaye hajashindwa na pepo yeyote. Anamfunga mgonjwa miguu kwenye gogo, anamfukiza moshi, anamlisha anachojua yeye, na mgonjwa hurudi amenyamaza. Shangazi akauliza, "Amenyamaza, au amepona?" Jirani akasema, "Dada, wewe umelala lini?" Shangazi akasema, "Tukishavuna." Nilisikia uchovu katika sauti ile na sikumchukia. Lakini nilijiambia kwamba miguu yangu haitaingia kwenye gogo la mtu yeyote.

Nilimwambia Jillo tukiwa tunachambua mboga mlangoni, ndizi mbichi zikichemka jikoni. Sikulia. Nilimwambia kama mtu anayetoa taarifa. Alifikiri kidogo, akauliza, "Mpunga wenu nani ataulinda mwaka huu?" Nikamwambia sijui, mambo ya ndege hayamo kichwani mwangu. Akasema, "Njoo uamie wewe. Wewe una kelele, na sisi tuna ndege. Kule hakuna mtu atakayekuuliza kwa nini." Alisema akicheka, kama kawaida yake, na mimi nilitaka kumtupia kisu cha mboga. Kisha nikaona kwamba alikuwa amesema jambo la maana kuliko yote niliyoyasikia tangu maji yaje.

Asiyekulia kwetu hajui kuamia ndege ni nini. Mpunga ukianza kutoa masuke, ndege wadogo huja kwa makundi yanayotia giza, na shamba lisilo na mtu humalizwa kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo kila shamba hujengewa dungu, jukwaa la miti lenye ngazi na paa la nyasi, na mlinzi hukaa juu yake tangu alfajiri hadi ndege waende kulala. Ana kombeo la kamba na vidonge vya udongo. Ana makopo yaliyofungwa kamba ndefu. Lakini silaha yake kubwa ni koo. Anapiga kelele kwa nguvu zake zote, ndege wanaruka, wanaelekea shamba la pili, na mlinzi wa shamba la pili lazima ajibu kwa kelele zake kabla hawajatua, na wa tatu naye ajibu, hivyo hivyo mpaka mwisho wa bonde. Ukisikia mwenzako amepiga na wewe hukujibu, umemkosea, na utaambiwa.

Siku ya kwanza nilipanda dungu letu nikaona aibu. Ndege wakaja. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni zile kelele zangu, zile zile za kambini, kutoka mahali pale pale. Na kabla sijavuta pumzi, dungu la upande wa mto likajibu. Alikuwa Jillo, mlinzi wa shamba la kwao. Baada yake akajibu mwanamke nisiyemjua, na baada yake mzee, na sauti zikaenda zikipungua kuelekea Golbanti. Nilikaa chini kwenye fito. Tangu Neema aondoke, kila nilipopiga kelele watu walikuwa wakiniambia nyamaza. Siku ile nilijibiwa. Nikasimama, nikapiga tena, ingawa ndege hawakuwapo.

Kazi ile haikuniponya, na msije mkaandika mahali kwamba Hagodana aliponywa na mpunga. Usiku uliendelea kuwa usiku. Lakini nililala zaidi, kwa kuwa nusu ya kelele nilikuwa nimeshazitoa, na shangazi naye akalala, akaacha kumtaja mganga mbele yangu, ingawa nilijua bado yuko. Mchana, jua likiwa kali na ndege wamejificha, Jillo alikuwa akivuka tuta na mahindi ya kuchoma au kambare wa kukaanga aliyefungwa kwenye jani la mgomba. Nilitambua kwamba kambare wote ni wa kwangu. Yeye alikula mahindi. Nilimtania kwamba mvushaji asiyekula samaki ni sawa na mchungaji asiyeimba, akacheka, akabadilisha mazungumzo. Alikuwa akipanda ngazi, tunakaa pamoja, miguu inaning'inia, tunasema upuuzi. Kwetu msichana akikaa dungu moja na mwanamume asiye ndugu yake, watu huanza kupima mahari. Shangazi aliniuliza, "Unataka watu waseme nini?" Nikamjibu kwamba wanasema tayari, na afadhali sasa wana jambo lingine la kusema.

Siku iliyobadilisha kila kitu ilikuwa na baridi ya asubuhi, na mimi nilikuwa nimebeba blanketi la kujitanda. Kila nyumba ilikuwa na yale mablanketi ya kijivu. Hatukuwa na mengine. Nilikuwa nimelitandika kwenye fito nikakaa kando yake. Jillo alipanda ngazi huku akisema maneno ya mzaha, kichwa chake kikatokeza, akaliona, akanyamaza katikati ya neno. Alishuka bila kugeuka. Nilimkuta nyuma ya dungu amepiga magoti kwenye tope, anatapika, mikono yake inatetemeka mpaka kwenye viwiko. Nilikaa chini kwenye maji ya shamba, mimi niliyekuwa siwezi kusikia beseni likijazwa, nikamshika kichwa. Sikumwuliza kitu. Ndege walikuja wakala watakavyo. Alipotulia alisema, "Waliniambia nitafute watu. Hakuna aliyekuja kuniambia niache. Kila nikilala natafuta." Nikamwuliza nani anajua. Akasema, "Wananiita shujaa. Sasa nimwambie nani?" Nilipanda nikalichukua lile blanketi, nikaenda nalo mpaka mfereji mkubwa, nikalitupa mbali nilivyoweza. Niliporudi alikuwa amekaa ameegemea ngazi, amechafuka, macho mekundu, na nikaona kwamba nampenda. Haikuja polepole. Nilikuwa nimemjua miaka yote hiyo, na ilikuwa kama nimeingia chumba ninacholala kila siku nikakuta kina mlango mwingine. Nilimwambia pale pale. Akasema, "Afande, subiri ninawe mdomo kwanza."

Nasikia watu wakisema siku hizi kwamba mapenzi huponya. Sijui ya kwao. Ya kwetu yalikuwa mapenzi ya watu wawili waliochoka, wanaofundishana mahali pa kuweka mikono. Nilijifunza kwamba akinyamaza ghafla nisimguse kutoka nyuma. Alijifunza kwamba mkono wangu wa kulia haushikwi bila kuombwa. Tulicheka mno. Kuna mchana tulicheka mpaka mzee wa dungu la mbali akapiga kelele za kutukumbusha ndege, na tulipojibu sauti zilitoka pamoja, akatutukana kwa furaha.

Jillo akaenda kwa baba yake mdogo, Mzee Buya, akasema anataka kunioa. Kwetu mwanamume haendi kujiposea. Wazee wanakwenda, wanasema kwa niaba yake, yeye anabaki nyumbani akijifanya ana kazi. Wakaja watatu, jioni, mpunga ukiwa karibu kukatwa. Shangazi alikuwa amepika wali na kuku, chai ya maziwa imejaa tangawizi, mkeka mpya umetandikwa. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya lile pazia la leso, ninakohitajika kuwapo na kutoonekana. Nilisikia vikombe, nilisikia Mzee Buya akisifia kuku. Kisha shangazi, ambaye hakujua kusema uongo hata alipouhitaji, akasema, "Ndugu zangu, nisiwafiche. Mtoto wetu si mzima sana. Mnajua hali yake." Mzee Buya akaweka kikombe chini. Akasema kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, "Tunajua, dada. Kijana wetu ana moyo wa huruma. Ameamua kumsaidia. Tunamchukua hivyo hivyo."

Shangazi akapumua. Niliisikia pumzi ile kupitia pazia, pumzi ya mtu aliyetuliwa gunia. Nilijua ina maana gani. Ikiwa nitaolewa, hakuna mganga, hakuna gogo. Nikikataa, safari ya njia ya Kipini iko pale pale. Nilikuwa na nafasi ya kukaa kimya na kuokoka, na ningekuwa na Jillo, na ningeishi maisha yangu yote nyumbani mwa watu walionichukua hivyo hivyo. Nikasukuma pazia nikatoka. Wazee waliangalia chini kwa aibu, kwa niaba yangu. Nikasema, "Shikamooni. Nashukuru mmekuja. Mwambieni Jillo nimekataa." Shangazi akaniita jina langu mara moja tu, taratibu. Mzee Buya akavaa kofia yake, akasema hii ndiyo hali yenyewe, na chai ikabaki kwenye birika.

Shangazi hakunipiga wala hakunigombeza. Alikaa kwenye mkeka ule mpya akakusanya mifupa ya kuku. Akasema, "Umetaka nini, mwanangu? Nimekutafutia njia." Nikamwambia nataka kutakiwa. Akasema, "Basi wiki ijayo tunakwenda kwa yule mganga. Mimi sina njia nyingine." Nikasema siendi. Akasema tutaona. Tulilala kila mtu amegeukia ukuta wake.

Jillo alikuja dunguni asubuhi, amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Umenikataa mbele ya wazee," akasema akiwa bado chini ya ngazi. "Mimi, Hagodana. Mimi." Nilimwuliza aliwaambia nini wazee hao kuhusu mimi. Akasema aliwaambia nateseka, silali, napiga kelele, na kwamba yeye hajali. "Na kuhusu wewe?" nikauliza. Akaishika ngazi. "Uliwaambia hulali? Uliwaambia huli samaki? Uliwaambia nani alikushika kichwa kwenye tope?" Akasema hayo si mambo ya kuwaambia wazee. Nikasema, "Yangu ni mambo ya kuwaambia wazee, yako si mambo. Wewe shujaa, mimi mgonjwa. Nenda ukaoe mgonjwa mwingine." Ndege wakaja. Nilipiga kelele, na dungu lake lilikuwa tupu, kwa hiyo hakuna aliyejibu upande ule. Alisimama pale akizisikia. Kisha akaondoka kwa haraka, akipita katikati ya mpunga, si juu ya tuta.

Siku zilizofuata nilimwogopa shangazi kwa mara ya kwanza maishani. Alikuwa akinifungashia nguo. Alizikunja vizuri, akaweka na sabuni, akaweka na kitambaa changu cha kuogea, na uangalifu ule uliniumiza kuliko ukali. Nilikuwa nimeamua kwamba siku ya safari nitapanda dungu nivute ngazi juu, na waje wanikate na miti yake.

Walikuja jioni moja bila kutuma taarifa. Hakukuwa na kuku wala mkeka, tulikuwa tunakula ndizi kwenye sufuria. Mzee Buya mbele, uso umekunjamana, na nyuma yake Jillo, amevaa shati la kanisani. Shangazi akasema, "Huyu kijana amekuja kufanya nini kwenye posa yake?" Mzee Buya akajibu kwamba hata yeye anauliza hivyo hivyo. Jillo hakuketi. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka na hakuiweka mfukoni. Niliona anaiacha makusudi, ionekane.

Akasema, "Shangazi, wale wazee walikosea kwa sababu mimi niliwakosesha. Sikuja kumsaidia mtu. Tangu yale mafuriko silali. Nikilala natafuta maiti. Sili samaki, siwezi kugusa blanketi la kijivu. Hakuna anayejua isipokuwa huyu. Nimekuja kuomba kama Hagodana anaweza kunichukua mimi." Mzee Buya alikuwa amefungua mdomo. Alimtazama mtoto wa kaka yake kama anamwona kwa mara ya kwanza, kisha akatazama ile mikono, na uso wake ukanywea. Alikuwa mmoja wa wazee waliomtuma mtoni.

Shangazi alikuwa ameshika kijiko. Ndipo Mzee Buya akauliza, na hakuwa anadhihaki, alikuwa anauliza kweli, kwa sauti ndogo ya mtu mzima aliyeingiwa na hofu: "Wagonjwa wawili nyumba moja. Nani atamtunza mwenzake?"

Swali lilikuwa la shangazi kulijibu. Nililichukua mimi.

"Atakayeamka kwanza," nikasema.